Nguzo za kambi zinazoliwa na mchwa

SWALI: Tunafuga nyuki kwenye miombo ya Tabora. Nguzo za kambi yetu hazimalizi misimu miwili, mchwa wameshazila. Tuzipake oili chafu?

JIBU: Msipake. Oili chafu hubaki juu juu ya mti, na mvua zikianza Novemba huoshwa ikachafua udongo. Chimbueni nguzo moja iliyoharibika muitazame: mara nyingi juu ni nzima, chini kabisa bado ngumu, ila pale inapotokeza ardhini imelika. Hapo unyevu na hewa hukutana, na kuvu wanaoozesha mti huvihitaji vyote viwili. Kwa hiyo adui si mchwa peke yao; itoeni nguzo ardhini. Isimamisheni juu ya jiwe bapa lililoinuka sentimita 20 hivi, imenywe gamba lote, na iwe ya kiini cha mkurungu au mninga (kwa kibali cha misitu), kwani ule weupe wa nje ndio mchwa wanaoupenda. Watapanda bado, lakini itawabidi wajenge njia ya udongo juu ya jiwe, nanyi mtaiona na kuibomoa.

Wapo wanaochoma ncha ya nguzo. Mkaa wenyewe hauliwi, lakini hupasuka, na nyufa hupitisha maji hadi ndani. Mkihofia upepo, mna haki: nguzo isiyochimbiwa huyumba. Fungeni miti ya mshazari kila pembe, tena kwa uimara, kisha paa la nyasi lishuke nusu mita nje ya nguzo.