Kujiundia Baiskeli ya Mlimani Yenye Shokapu ya Nyuma: Maswali Yanayoulizwa Sana

Maelezo haya ni ya mtu anayetaka kuchora na kuunda nyumbani baiskeli ya mlimani yenye shokapu mbele na nyuma. Karibu yote yanahusu fremu, kwa kuwa foki, shokapu, magurudumu na breki hununuliwa dukani, na hakuna sababu ya kujaribu kuviunda.

Kweli inawezekana bila kiwanda?

Inawezekana. Joe McEwan, mhandisi wa ndege wa Bristol, Uingereza, alianza kwa kujiundia fremu za chuma kwenye kibanda cha bustani yake, na kazi hiyo ikazaa kampuni ya Starling Cycles. Fremu zake zinajulikana kwa mkono wa nyuma unaozunguka kwenye egemeo moja tu, na huo ndio muundo ambao anayeanza angeufuata. Miundo ya viungo vinne ina sifa zake, lakini kila kiungo huongeza beringi, bolti na nafasi ya kupinda.

Ila kama nia ni kuokoa fedha, acha. Baiskeli nzima iliyotumika mara nyingi itakugharimu kidogo kuliko vifaa vya kuundia fremu peke yake.

Chuma au alumini?

Chuma cha kromu na molibdenamu, kinachouzwa kwa namba 4130. Alumini ya 6061 hupoteza nguvu nyingi pale inapochomelewa, na ili zirudi fremu nzima hupashwa moto wa nyuzi 530 hivi za Selsiasi, hupozwa ghafla, kisha huokwa tena kwa saa kadhaa kwenye joto dogo zaidi. Nani ana tanuri la kuingia fremu nzima? Chuma hakidai hayo yote. Gharama yake ni uzito: tegemea fremu ya kilo 3 hadi 4 bila shokapu.

Egemeo likae wapi?

Hapa ndipo ubora wa baiskeli unapoamuliwa, na ndipo watu wanapokurupuka.

Mkono wa nyuma ni wenzo, kama ule wa masomo ya sayansi shuleni. Gurudumu likipanda, mkono huzunguka kwenye egemeo na kuibana shokapu. Shokapu iliyoandikwa 210 × 55 ina urefu wa milimita 210 kutoka tundu la bolti hadi tundu la pili, na hubanwa kwa milimita 55. Ukitaka gurudumu lipande milimita 140, gawanya 140 kwa 55. Jibu ni zaidi kidogo ya 2.5. Basi nguvu inayosukuma gurudumu hufika kwenye shokapu ikiwa imezidishwa mara mbili na nusu. Jiwe likipiga gurudumu kwa nyutoni 2,000, masikio yanayoshika shokapu hubeba zaidi ya 5,000, yaani mzigo wa nusu tani. Usiyachomelee katikati ya bomba jembamba bila kipande cha kuimarisha.

Kisha kuna mnyororo. Ukikanyaga pedeli kwa nguvu, uzito huelekea nyuma na baiskeli hutaka kuchuchumaa. Egemeo likikaa vizuri, mvuto wa mnyororo wenyewe huzuia hali hiyo. Ichore baiskeli kwa upande, kwa vipimo sahihi, shokapu ikiwa imeshabonyea kwa uzito wako, karibu asilimia 30 ya safari yake. Piga mstari kutoka ekseli ya nyuma kupitia egemeo. Piga wa pili ukifuata mnyororo wa juu. Inapokutana, weka nukta. Sasa toka pale tairi la nyuma linapogusa ardhi, pita kwenye nukta hiyo, uende hadi mstari wima unaopanda kutoka tairi la mbele linapogusa ardhi. Ukiukata kwenye kimo cha kitovu cha uzito wa mpandaji na baiskeli, kama mita 1.1 hivi kutoka chini, kuchuchumaa kumezuiwa. Ukiukata chini sana, baiskeli itabonyea kila ukikanyaga. Juu sana, pedeli zitakurudishia mateke ukipita kwenye mawe.

Pa kuanzia ni hapa: gia ya mbele ya meno 32 hupitisha mnyororo wa juu karibu milimita 65 juu ya katikati ya ekseli ya pedeli. Weka egemeo karibu na kimo hicho, mbele kidogo ya ekseli, kisha lisogeze kwenye mchoro mpaka likuridhishe. Programu kama Linkage hufanya hesabu hizi kwa sekunde, lakini mtu aliyechora mara moja kwa rula huelewa programu inamwambia nini.

Shokapu ya pikipiki haifai?

Haifai. Springi yake imetengenezwa kubeba chombo cha zaidi ya kilo 100 pamoja na abiria na mizigo. Kwenye baiskeli itakaa kama gogo.

Fundi wa mageti na madirisha anaweza kuichomelea?

Kwa mashine ya fimbo, hapana. Bomba la fremu lina unene wa chini ya milimita moja, na fimbo italitoboa. Zipo njia mbili: tigi, au gesi ya oksijeni na asetilini pamoja na fimbo ya shaba. Kwa shaba, chuma chenyewe hakiyeyuki, na anayejifunza husamehewa mengi. Fremu za Raleigh na Phoenix zilizojaa vijijini kwetu ziliunganishwa kwa shaba.

Usiguse bomba lililopakwa zinki, maana moshi wake huleta homa. Usisafishe chuma kwa dawa ya breki yenye klorini kisha ukawasha moto: huweza kutoa fosijini, gesi inayoua.

Nyumba za beringi zichomelewe kwanza, halafu zipelekwe kwa fundi wa kukereza azimalizie kwa kipimo. Beringi ya 6902 ina kipenyo cha nje cha milimita 28, na joto la kuchomelea hupotosha tundu lililokerezwa mapema.

Nitajuaje kama imenyooka?

Kwa uzi. Ufunge kwenye sikio la ekseli ya nyuma upande wa kushoto, uzungushe kwenye bomba la usukani, uurudishe hadi sikio la kulia. Pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kila upande. Zikitofautiana, gurudumu la nyuma halifuati la mbele.

Nifanye nini kabla ya kuipanda?

Toa hewa yote kwenye shokapu, au ondoa springi, kisha sukuma mkono wa nyuma hadi mwisho ukiwa na gurudumu na mnyororo. Tairi likigusa bomba la kiti ukiwa gereji, mteremkoni litakuangusha.

Viwandani, kiwango cha ISO 4210 hudai fremu ya mlimani ikanyagwe kwa mashine mara 100,000 kwa nyutoni 1,200. Huna mashine hiyo, kwa hiyo una macho na tochi. Panda njia nyepesi kwanza, na kila ukirudi kagua chini ya bomba la usukani, pembeni mwa egemeo na kwenye masikio ya shokapu. Mstari mwembamba wa kutu unaotokeza kwenye rangi, hasa kando ya mshono, mara nyingi ni ufa. Fremu yenye ufa usiipande tena mpaka fundi aikwangue rangi na kuona ufa umefika wapi.