Maziwa Huuzwa, Soda Hununuliwa

Ndugu mkulima wa Lugari na Likuyani, mashamba ya huku yalipogawanywa katika miaka ya 1960, ng'ombe wa maziwa alikuwa katika hesabu tangu mwanzo. Mpaka leo yumo katika maboma mengi. Lakini je, watoto wako hunywa nini? Katika nyumba nyingi maziwa ya asubuhi huuzwa yote, ya jioni hutiwa kidogo katika chai, na fedha zikipatikana mtoto hutumwa dukani kununua soda. Mtoto hufurahi sana. Hata hivyo yafaa tupime alichopata na alichokosa.

Chupa ya soda ya mililita 300 aghalabu ina sukari gramu 32 hivi, yaani vijiko vinane vya chai. Kama huamini, chukua bilauri ya maji, utie vijiko vinane mbele ya watoto, ukoroge, kisha uonje. Mwaka 2015 Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri kwamba sukari inayoongezwa katika chakula na vinywaji isifike sehemu moja ya kumi ya nguvu zote za chakula cha siku, na kwamba ni heri zaidi iwe nusu ya hapo. Kwa mtu mzima nusu hiyo ni vijiko sita hivi. Basi mtoto wako mdogo amelipita fungu la mtu mzima kwa chupa moja tu, na bado hajanywa chai.

Sasa tazama maziwa. Bilauri ya mililita 250 humpa mtoto gramu 8 hivi za protini ya kujenga mwili, na madini ya kalsiamu miligramu 300 hivi ya mifupa na meno. Katika soda hayamo. Tena utamu humshibisha mtoto upesi, na jioni akiwekewa ugali na mboga hula kidogo na kuondoka. Nayo sukari inayobaki kinywani huliwa na vijidudu, ambavyo hutoa asidi inayokula jino. Mtoto aliyezoea vinywaji hivyo tangu utotoni hunenepa vibaya kwa urahisi, na ukubwani hatari ya ugonjwa wa kisukari huongezeka.

Wengine watasema, maziwa ndiyo karo ya shule. Ni kweli. Lakini soda nayo haitolewi bure. Pima maziwa ya watoto kwanza, kabla ya kuyapeleka kuuza. Lita moja hutosha watoto wanne, kila mmoja bilauri yake. Yachemshe vizuri. Ukipenda, yagandishe yawe mala.

Uji wa wimbi nao usidharauliwe, kwa maana wimbi lina kalsiamu nyingi kuliko mahindi kwa mbali. Usiujaze sukari. Ponda ndizi mbivu ndani yake. Ikiwa watoto wamezoea vijiko vitatu katika chai, punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi huzoea. Na chai ya rangi isinywewe pamoja na chakula, kwa kuwa huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mboga.

Sisi tulimao miwa huwa tunajidanganya kwamba maji ya muwa yaliyokamuliwa ni dawa. Hayo pia ni maji ya sukari. Vivyo hivyo maji ya rangi yanayochanganywa kwa unga wa pakiti, hata kama pakiti imechorwa chungwa. Mpe mtoto chungwa lenyewe, au pera la uani. Na mgeni akiuliza awaletee watoto nini, mwambie mayai au ndizi, wala haoni vibaya.

Mtoto mchanga anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Kabla ya kutimiza miaka miwili asionjeshwe soda kabisa.

Jambo la mwisho ni la hatari kuliko yote. Mtoto akiharisha, wazazi wengi hukimbilia soda wakidhani itamtia nguvu. Sukari nyingi huvuta maji ya mwili na kuyaingiza tumboni, na kuhara kukazidi. Dawa ya pakiti ya kuchanganya na maji, itolewayo zahanati, ina sukari pia, lakini imepimwa pamoja na chumvi: gramu 13.5 kwa lita, hali lita ya soda ina zaidi ya gramu 100. Changanya pakiti kwa kipimo cha maji safi kilichoandikwa juu yake, umnyweshe kidogo kidogo kwa kijiko, naye aendelee kunyonya na kula. Uliza pia vidonge vya zinki. Ukiona macho yamebonyea, au mtoto amelegea na hawezi kunywa, mpeleke zahanati saa ile ile, hata ikiwa ni usiku.