Buti la kazi na malengelenge: Nasaha kwa ndugu zetu wachimbaji

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW). Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake na maswahaba wake.

Leo safu yetu inazungumzia jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni buti la kazini. Nawalenga hasa ndugu zetu wanaochimba dhahabu Mgusu, Nyarugusu, Rwamagasa na Kakola. Hata hivyo mchungaji, mwindaji na mkulima wa mpunga nao wamo, kwani wote kutwa nzima wanategemea miguu.

Wapo wanaosema lengelenge ni ugonjwa wa watu laini. Hao na wasome habari za maswahaba. Katika vita vya Dhatur-Riqaa, Abu Musa al-Ash'ari (RA) amesimulia kuwa walikuwa watu sita wakipokezana ngamia mmoja. Miguu yao ikachubuka, yeye mwenyewe kucha zikamtoka, wakalazimika kuifunga miguu kwa vitambaa, na kwa vitambaa hivyo vita vile vikapata jina. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim. Wale walikuwa wanaume wa shoka, na bado waliifunga miguu yao. Kuutunza mguu si udhaifu.

Lengelenge linatokeaje?

Ngozi ina tabaka la juu na tabaka la chini. Buti linapovuta ngozi upande huu na mfupa ukaenda upande ule, mara elfu kwa siku, tabaka hizo huachana na maji hujaa katikati. Mambo matatu huharakisha hali hiyo: msuguano, joto na unyevu. Ngozi iliyolowa hulainika na kuchubuka upesi kuliko kavu. Ndiyo maana mchimbaji anayeshinda kwenye maji ndani ya duara, amevaa buti la mpira lisilopitisha hewa, yumo hatarini kuliko anayetembea barabarani.

Namna ya kuchagua buti

Kwanza, nenda kununua jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo baada ya kutwa ya kazi. Buti linalokutosha asubuhi huweza kukubana alasiri.

Pili, usiamini namba peke yake, hasa kwenye mitumba. Simama juu ya kipande cha boksi, mwenzio auchore unyayo wako, kisha ukate mchoro huo na kwenda nao sokoni. Ukiingia ndani ya buti kwa kujikunja, buti hilo si lako. Chora miguu yote miwili, maana kwa watu wengi mmoja ni mkubwa kuliko mwingine. Nunua kwa kufuata ule mkubwa.

Tatu, livae pamoja na soksi utakazofanyia kazi. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Kisigino kisipande na kushuka unapotembea. Kisha tafuta mteremko au ngazi ushuke. Vidole vikigonga mbele, liache, kwa sababu kwenye kushuka duarani au kilimani ndiko kucha hufa.

Nne, ingiza mkono ndani upapase. Mshono uliovimba au msumari uliochomoza utakuwa kidonda kabla ya wiki kwisha. Buti lenye chuma mbele ni kinga nzuri ya mawe yanayoanguka, ila chuma kisiguse vidole.

Tano, litazame na kazi yako. Penye maji vaa mpira, na penye vilima vikavu ngozi ni bora kwa kuwa inapumua. Buti jipya la ngozi lizoeshe: leo saa moja, kesho saa mbili, mpaka lilainike. Usilianzishe siku ya safari ndefu.

Kosa linaloonekana sana ni kununua buti la mpira kubwa mno ili livaliwe na kuvuliwa kwa urahisi, tena wengine hulivaa bila soksi. Mguu unaocheza ndani ya buti husuguliwa kila hatua. Vaa soksi mbili, nyembamba ndani na nzito nje, ili msuguano uwe baina ya soksi na soksi. Chukua jozi nyingine kavu ndani ya mfuko wa plastiki, ubadilishe mchana.

Udhu na buti

Hapa dini yetu imetutangulia. Aya ya 6 ya Suratul Maidah imeamrisha miguu mpaka vifundoni, na Mtume (SAW) alimfundisha Laqit bin Sabira kupitisha maji baina ya vidole. Mwenye kuosha miguu namna hiyo mara kadhaa kwa siku huiona miguu yake, akajua mapema palipochubuka. Tatizo ni kwamba wengi huosha kisha huingiza mguu ukiwa umelowa ndani ya buti. Fangasi wa vidole hupenda mahali hapo. Beba kitambaa kikavu, ukaushe baina ya vidole kama ulivyopaosha.

Sheria pia imeturuhusu kupangusa juu ya khuffu. Mughira bin Shu'ba (RA) aliinama kumvua Mtume (SAW) khuffu zake, akaambiwa aziache, kwa kuwa zilivaliwa miguu ikiwa na tahara. Buti tohara linalofunika vifundo, lisilopenyeza maji na unaloweza kutembea nalo, linaingia katika ruhusa hiyo kwa sharti ulivae ukiwa na udhu kamili. Muda wake kwa mkazi ni mchana mmoja na usiku wake, na kwa msafiri siku tatu na nyusiku zake. Mwenye janaba hana budi kulivua.

Lakini tuelewane. Ruhusa ya ibada haina maana kwamba mguu ukae mchana na usiku ndani ya mpira wenye maji. Nakushauri ufanye hivi: adhuhuri vua buti, osha miguu, ikaushe, vaa soksi kavu na urudishe buti ungali na udhu. Alasiri ikikukuta kazini, pangusa juu ya buti. Magharibi vua, osha, na buti likeshe limeinamishwa mdomo chini juu ya vijiti lipate hewa. Asubuhi likung'ute kwanza, nge asikuwahi, kisha anza na mguu wa kulia kama ilivyo sunna.

Likishatokea

Kabla ya lengelenge, mahali huwaka moto. Hapo simama, bandika plasta. Najua anayelipwa kwa mgawo wa viroba vya mawe huona anapoteza. Dakika tano za plasta ni nafuu kuliko wiki mbili za kulala kambini.

Lengelenge dogo usilitoboe, kwani ngozi yake ndiyo bandeji bora. Kubwa lenye maumivu nawa mikono, lioshe kwa sabuni, litoboe pembeni kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, toa maji, uache ngozi ilale pale pale, kisha funika kwa bandeji safi. Usitie majivu, dawa ya meno wala unga wa kapsuli. Ukiwa na jeraha, muulize sheikh wako hukumu ya bandeji na tayamamu, wala usiache swala.

Nenda kituo cha afya haraka ukiona usaha, wekundu unaopanda, homa, au mtoki kwenye kinena. Mwenye kisukari, au mwenye ganzi ya miguu, asijitoboe kabisa. Kwake lengelenge moja linaweza kuishia kukatwa mguu.

Na chanjo ya pepopunda usiisahau. Wanaume wengi hawakupata dozi za kuongezea ukubwani, kwa kuwa hutolewa zaidi kwa wajawazito. Vijidudu vyake vinaishi kwenye udongo, na mchimbaji anashinda na udongo. Kidonda kidogo kinatosha kuvipa njia, na pepopunda inaua. Ukijeruhiwa, mwambie tabibu akuangalie chanjo hiyo.

Ndugu zangu, mwili ni amana, na miguu hiyo ndiyo inayoleta riziki ya watoto na kukusimamisha mbele ya Mola wako. Usione uzito kuigharamia. Tunamuomba Allah (SW) awahifadhi wachimbaji wetu juu na chini ya ardhi. Amin.

Wabillahi Tawfiq.