Huyu Ndiye wa Kwenye Kitambulisho?

Unapokea kitambulisho kaunta, unatupia picha jicho, unamtazama mwenyewe, unamrudishia. Hapo ndipo wengi hupitwa.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1997, mtafiti Richard Kemp na wenzake walilijaribu jambo hili katika supamaketi moja nchini Uingereza. Baadhi ya wateja walilipa kwa kadi zenye picha za watu wengine. Makeshia walizikubali zaidi ya nusu ya kadi hizo.

Usitegemee uzoefu. Maofisa wa pasipoti wa Australia walipopimwa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, walimkubali mtu asiye mwenye picha mara 14 katika kila 100. Waliokaa kazini miaka mingi hawakuwashinda wageni.

Kwa hiyo acha kutazama sura nzima kwa mkupuo. Ipitie kipande kwa kipande. Anza na masikio: ukingo umekaaje? Ndewe imeshikana na shavu au inaning'inia? Kisha tafuta makovu na vidoti, umbo la pua, mdomo. Mama aliyejitanda ushungi haonyeshi masikio, basi hamia moja kwa moja kwenye vidoti na pua.

Nywele zisikuamulie. Leo kasuka, kesho kanyoa. Ndevu na unene ni vivyo hivyo.

Miwani iko usoni lakini haipo kwenye picha? Sema kwa upole: "Samahani dada, naomba uvue miwani kidogo."

Ukisita, mwite mwenzako. Kila mmoja aamue peke yake kwanza, ndipo mlinganishe majibu. Mkitofautiana, omba hati nyingine bila kumtuhumu mtu.

Jihadhari zaidi siku shwari. Wadanganyifu wakiwa wachache, jicho huzoea kusema "ndiye", na yule mmoja anapita.

Mazoezi yanasaidia, ila ujue jibu papo hapo. Mwombe rafiki akuandalie picha mbili mbili: nyingine za mtu mmoja siku tofauti, nyingine za watu wawili wanaofanana. Sema "ndiye" au "siye", kisha akwambie kabla ya kuendelea.

Picha hizo ziwe za watu usiowajua kabisa. Ndugu yako utamtambua hata kwenye picha yenye ukungu, na hilo halipimi chochote. Kaunta unakutana na wageni.