Somo kwa Makatibu: Kuweka Mfumo Mpya katika Simu Kuukuu ya Chama



Simu janja sasa ni sehemu ya ofisi ya chama cha msingi. Humo mna namba za wanachama, picha za kurasa za daftari la mizani, na ujumbe wa malipo ya maharage au vitunguu swaumu. Lakini simu huzeeka hata kama kioo chake ni kizima. Huzeeka pale kiwanda kinapoacha kuitolea marekebisho ya usalama. Tangu siku hiyo, ufa ukionekana katika mfumo endeshi wake hakuna wa kuuziba, na programu mpya huanza kuikataa.

Dawa mojawapo ni kuuondoa mfumo wa kiwandani na kuweka mfumo mbadala. Kwa simu za Android, unaojulikana zaidi ni LineageOS, ulioanza Desemba 2016 baada ya mradi wa CyanogenMod kufungwa. Hutengenezwa na watu wanaojitolea, na hautozwi ada.

Kabla ya yote, hapana budi jambo moja lieleweke: kazi hii hufuta kila kitu kilichomo katika simu. Mkulima wa Daudi habomoi ghala kabla ya kutoa mahindi. Nasi tusiguse mfumo kabla ya kuhamisha kumbukumbu za wanachama.

Hatua za kufuata

1. Soma jina kamili la toleo la simu katika mipangilio, kisha hakikisha kuwa upo mfumo uliotengenezwa kwa toleo hilo hilo. Simu nyingi za bei nafuu hazina. Mfumo wa simu nyingine waweza kuiua kabisa.

2. Nakili kumbukumbu zote kwenye kompyuta. Fungua nakala hizo mbele ya shahidi, na mzilinganishe na daftari.

3. Jaza betri, na tumia waya wa USB usiolegea.

4. Katika mipangilio, gusa namba ya toleo la mfumo mara 7 ili kufungua sehemu ya watengenezaji. Humo ruhusu kufuli la programu ya kuwashia simu lifunguliwe, kisha ulifungue kwa kompyuta. Hapa ndipo kumbukumbu hufutwa. Viwanda vingine havitoi ruhusa hiyo. Ikiwa ndivyo, acheni.

5. Pakua mfumo kutoka kwa watengenezaji wenyewe, uhakiki, kisha uuweke. Usichomoe waya kazi ikiendelea. Duka la programu la Google halimo. Likihitajika, liongezwe kabla ya kuwasha simu mara ya kwanza.

6. Jaribu kupiga simu, ujumbe, kamera na intaneti kabla ya kurudisha kumbukumbu.

Tahadhari

Programu za benki zaweza kuikataa simu iliyofunguliwa kufuli. Huduma za fedha za kubonyeza namba, kama *150*00# ya M-Pesa, hazitegemei programu hizo.

Fundi asibadilishe namba ya utambulisho wa simu, yaani IMEI. Kazi hii haihitaji kuigusa. Mwaka 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia nchini kwa kutumia namba hizo.

Tena, simu iliyofunguliwa kufuli ina ulinzi pungufu ikiibiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatudai kutunza taarifa za watu. Kwa hiyo simu iwe na nywila, na fundi asiachiwe simu yenye majina ya wanachama.

Mwisho, simu ni mali ya chama, si ya katibu. Bodi iamue na uamuzi uandikwe katika muhtasari. Ikiwa nakala haijathibitishwa, kazi isianze. Afadhali simu kuukuu yenye hesabu kamili kuliko simu mpya isiyojua nani anadai nini.

Maswali ya kujadili

1. Simu ya chama chetu ikipotea leo, ni kumbukumbu zipi hazimo katika daftari?
2. Nani atashuhudia ukaguzi wa nakala?
3. Je, simu yetu inastahili kazi hii, au tutenge fedha za kununua nyingine?