Siku Moja Kilindini: Vidokezo 8 vya Kuvua Sulisuli Watamu na Malindi

Mmeshachanga pesa, mnatafuta boti, na alfajiri moja mtaingia bahari kuu kutokea Watamu. Hongera! Siku kama hii haipatikani kila wiki, kwa hiyo tusiiache iharibiwe na kichefuchefu au papara. Mengi yanayoifanya iwe tamu unaweza kuyapanga tangu nyumbani. Yaliyobaki wanayajua mabaharia. Kazi yako ni kuwasikiliza.

1. Upepo kwanza, boti baadaye

Hujachagua tarehe? Fuata pepo. Kaskazi ikishaingia, bahari ya Malindi na Watamu huwa na asubuhi nzuri, na sulisuli husogea karibu, hasa kati ya Novemba na Januari. Kusi ikipamba moto, Mei hadi Julai, boti nyingi hupandishwa pwani zifanyiwe ukarabati, nawe pumzika tu. Nahodha akiwapeleka pale maji ya udongo ya mto Sabaki yanapokutana na maji ya buluu, usimuulize mbona kuchafu. Kwenye mpaka huo samaki wadogo hukusanyika, na wakubwa huwafuata. Bahari hii ina sifa ya zamani: hata mwandishi Ernest Hemingway alikuja kuvua Malindi mwaka 1934.

2. Uliza kabla hujalipa

Mafuta yamo kwenye bei? Chambo je, na chakula cha mchana? Halafu swali ambalo wengi hulisahau: samaki ni wa nani? Mara nyingi samaki hubaki na boti, nanyi mkapewa cha kitoweo. Ni desturi inayojulikana, ila ijue mapema, kabla hujamwahidi shangazi jodari mzima! Omba pia kuonyeshwa majaketi okozi na redio. Nahodha mzuri hatachukia kuulizwa.

3. Tumbo lianze safari usiku

Dawa ya kichefuchefu haikusaidii ukishaanza kutapika. Muulize mfamasia, umeze usiku wa kuamkia safari, kisha urudie asubuhi kama ulivyoelekezwa. Usipande boti na njaa, lakini mahamri na mbaazi za nazi yasubiri jioni. Alfajiri kula mkate mkavu au uji mwepesi, na utie kipande cha tangawizi mfukoni. Mkishatoka nje ya mwamba, kaa nyuma kwenye hewa, mbali na moshi wa dizeli, na utazame kule mbali bahari inapokutana na mbingu. Simu weka kabisa! Ukizidiwa, nenda upande wa demani, upepo unakoelekea, si wa joshi unakotoka, na umwombe baharia akushike. Wenzako watakushukuru. Na ndizi? Wavuvi wengi wa michezo wanaamini ndizi ndani ya boti huleta mkosi. Yako ile nyumbani, yaishe.

4. Jifunike kama mwenyeji

Shati la mikono mirefu, kofia yenye kamba, miwani ya kukata mng'ao wa maji. Mafuta ya kukinga jua yapake hadi masikioni, midomoni na juu ya nyayo, kwani hapo ndipo jua huwakumba wageni. Kikoi kilicholowa maji shingoni kinafanya maajabu saa sita mchana.

5. Zamu zipangwe gatini

Mshipi ukianza kulia hakuna muda wa mjadala. Pigeni kura kabla ya kuondoka: nani wa kwanza, nani wa pili. Urafiki utabaki salama!

6. Akigonga, mikono itulie

Sasa tumefika kwenyewe. Mishipi imebanwa kwenye fito ndefu zilizotanuliwa pande mbili za boti, na chambo kinarukaruka nyuma kwenye povu. Mara unaona mdomo mweusi, mrefu, ukitokeza juu ya maji na kukichapa chambo. Mshipi unachomoka kwenye kibanio, pwa! Kila mtu anapiga kelele. Wewe tulia.

Mara nyingi sulisuli hupiga kwanza kwa mdomo, kisha hurudi kula. Ukivuta sasa, unamnyang'anya tonge. Baharia ataachia mshipi uende huru, atahesabu polepole, ndipo akwambie: zungusha! Ikiwa mnatumia ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imepindia ndani, usikurupushe fimbo hata kidogo. Zungusha tu mpaka mshipi ukaze. Ndoana itajishika yenyewe kwenye pembe ya taya.

Baada ya hapo ni mwendo mmoja: inua fimbo taratibu, iteremshe huku unazungusha. Samaki akikimbia na mshipi, mwache akimbie; kuzungusha wakati huo ni kujichosha bure. Akiruka, mwinamishie fimbo ili mshipi ulegee kidogo, maana ni katika kuruka ndipo wengi huponyoka. Na breki ya rili, ile roda ya mshipi unayoizungusha, usiiguse bila kuambiwa. Unaona? Kumbe si nguvu za mabega!

7. Sulisuli arudi kwao

Hili nalisema kwa moyo wote: mwachie. Anapofika ubavuni mwa boti bado anawaka mistari ya buluu, na pezi lake la mgongoni limetanda kama tanga. Hakuna picha itakayompendeza kuliko hiyo, kwa hiyo mpige akiwa majini, upesi. Kumpandisha sitahani ili ukumbatiane naye ni kumuumiza.

Mwombe nahodha amtie alama. Watamu ndiko yaliko makao ya shirika la African Billfish Foundation, na boti nyingi za huku hubeba vitambulisho vyake: kiutepe chembamba chenye namba, kinachochomekwa kwenye nyama ya mgongo. Kwenye kadi huandikwa tarehe, mahali na uzito wa kukadiria. Siku akinaswa tena, namba ile itaonyesha amesafiri umbali gani na amekua kiasi gani. Baharia mwenye glavu humshika mdomo huku boti ikisogea polepole, maji yapite kwenye mashavu, hadi mwenyewe apige mkia na kuondoka. Usiharakishe hatua hiyo. Na kama una ndugu anayevua kwa ngalawa, mwambie akipata samaki mwenye kiutepe apeleke ile namba kwa shirika hilo. Ina thamani kubwa.

8. Kitoweo kipo, usijali

Fulusi, nguru na jodari ndio wa jikoni. Fulusi mtazame vizuri anapotoka majini, dhahabu na kijani kibichi, kwani rangi hizo hufifia kufumba na kufumbua. Jodari achinjwe, atoke damu, azikwe kwenye barafu papo hapo. Jodari na fulusi waliopigwa na jua wanaweza kukudhuru hata ukiwapika vizuri, kwa hiyo uliza asubuhi kama barafu ipo ya kutosha. Vipande vyako vitie chumvi, ndimu na pilipili, moja kwa moja kwenye makaa. Kabla hujashuka gatini, wape mabaharia bakshishi yao mkononi, kisha umuulize nahodha tarehe gani ana nafasi tena.