Mume, Baba, Baba Mdogo: Mafunzo Niliyopata Baada ya Kumzika Mlinzi wa Rumangabo

Baba mdogo alikuwa mlinzi wa Mbuga ya Virunga, na alikufa kitandani, kwa maradhi. Nalisema hilo mapema kwa sababu hapa Goma ukitangaza kwamba umefiwa na mlinzi wa Rumangabo, makao makuu ya mbuga, swali la kwanza baada ya pole ni lile lile: "Walimpigia risasi wapi?" Wanaouliza hawakosei. Tangu mbuga ianzishwe mwaka 1925, walinzi zaidi ya 200 wameuawa kazini. Lakini wapo pia waliorudi nyumbani kila zamu ilipokwisha, mwaka baada ya mwaka, hadi mwili ukachoka. Hao husahauliwa haraka, kwa kuwa redio haina habari ya kuwataja. Nataka huyu wetu akumbukwe kwa jinsi alivyoishi, na haya ndiyo niliyojifunza tangu tulipomzika.

1. Kila mfiwa ana marehemu wake

Siku za matanga nilichambua maharagi pamoja na shangazi zangu, masikio yakiwa kila upande. Mama mdogo, mkewe, alimzungumzia mwanamume aliyeosha viatu vyake vya kazi mwenyewe, usiku, asikubali mke wala mtoto avishike. Wanawe walimkumbuka baba ambaye hata akirudi doria watu wamelala, jambo la kwanza kuomba lilikuwa daftari za shule. Kwetu sisi, watoto wa kaka na dada zake, alikuwa mtu wa kushuka kwenye lori la viazi akisema hana muda, kisha akakaa hadi jioni.

Wenzake wa kazi walipofika, walitushangaza. Walisema porini alikuwa msemaji, tena mwimbaji, na kwamba vijana wapya waliomba kupangwa naye zamu za usiku. Nyumbani tulimjua kama mtu wa maneno machache. Mama mdogo aliwasikiliza, akamgeukia mmoja wao na kumuuliza, "Aliimba nini?" Alikuwa ameishi naye tangu ujana, na bado alikuwa na la kuuliza. Tangu siku ile sikubali mkubwa mmoja wa ukoo asimame na kutusomea wasifu wa marehemu kana kwamba yeye peke yake anaujua wote.

2. Tafuta alikuwa wapi, mwaka gani

Mpole, mchapakazi, mcha Mungu: sifa hizi hupewa kila marehemu, na baada ya mwezi hakuna anayekumbuka zilisemwa kuhusu nani. Kilichotusaidia ni kukaa na binamu zangu na kupanga maisha yake kwa vituo na miaka.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, nchi ikiwa bado Zaire, alianzia upande wa Rwindi, kwenye nyika ya kusini mwa Ziwa Edward. Viboko wa eneo lile miaka ya 1970 walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Katikati ya miaka ya 2000 walikuwa hawafiki 1,000, wameuawa na watu wenye bunduki kwa ajili ya nyama na meno. Yote hayo yalitokea akiwa ndani ya sare.

Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walijaa kandokando ya mbuga, katika kambi za Kibumba, Katale na Mugunga, mamia ya maelfu ya watu wanaohitaji kuni kila siku. Mwaka huo huo UNESCO ikaiingiza Virunga katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Kisha vikaja vita vya 1996 na 1998. Mshahara ulikuwa unachelewa, au haufiki kabisa, na mama mdogo akawalisha watoto kwa shamba la viazi na maharagi. Mwaka 2012 mapigano ya waasi wa M23 yalipofika Rumangabo, mama mdogo alikuja kwetu Goma na watoto na godoro moja, baba mdogo akabaki kituoni.

Binti yake mkubwa alipomaliza kuandika orodha hiyo aliitazama kwa muda mrefu. Karibu kila mstari ulikuwa na sababu nzuri ya mtu kuacha kazi. Hakuacha. Hakuna aliyekuwa amelisema hilo kwenye matanga, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameziweka sababu hizo zote pamoja.

3. Kama hakusimulia, usimsimulie

Julai 2007 sokwe wa familia ya Rugendo walipigwa risasi, akiwemo dume lao kubwa, Senkwekwe. Picha ya watu wakimbeba kwenye machela ya miti, wamejipanga safu ndefu, ilizunguka dunia nzima. Baba mdogo hakuwahi kuzungumzia wiki ile. Waandishi wa habari walipomfikia aliwaelekeza kwa wenzake.

Alichopenda kusimulia ni habari za Ndakasi, mtoto wa sokwe aliyekutwa mwezi mmoja kabla ya hapo, bado amemng'ang'ania mama yake aliyeuawa. Alikuwa na umri wa miezi miwili hivi. Baba mdogo alieleza jinsi mlinzi mwenzake, Andre Bauma, alivyomlaza kifuani usiku kucha ili apate joto, na jinsi Ndakasi alivyokuja kukua katika kituo cha sokwe yatima cha Senkwekwe pale Rumangabo. Ndakasi alipokufa Septemba 2021, mikononi mwa Bauma yule yule, baba mdogo alikuwa tayari mgonjwa. Aliomba redio iongezwe sauti.

Kwenye matanga ndugu mmoja alianza kueleza jinsi marehemu alivyombeba Senkwekwe begani. Alikuwa anampamba kwa upendo. Mama mdogo akamkatiza, bila hasira: "Mimi hakuniambia hivyo. Basi tusiseme." Nilimheshimu sana kwa maneno hayo. Kumzidishia marehemu ushujaa ni kusema kwamba ule aliokuwa nao haukutosha.

4. Ugomvi wa nyumbani ni sehemu ya wasifu

Nyumba nyingi za Goma hupika kwa makala, na sehemu kubwa ya makala hayo hutoka katika misitu ya mbuga. Kila mtu hapa anajua. Baba yangu mzazi aliwahi kuyauza. Kwa hiyo kaka mkubwa alikuwa na magunia barazani, na mdogo wake alikuwa analipwa kuzuia magunia hayo yasitoke porini. Kwa muda mrefu hawakula meza moja. Sisi watoto tulitumwa kupeleka salamu kati ya nyumba mbili, na salamu zilikuwa fupi.

Hakuna aliyemshinda mwenzake kwa maneno. Baba mdogo aliendelea kuja, akaanza kuja na miche ya mikaratusi. Wakati huo mradi wa EcoMakala wa shirika la WWF, ulioanza mwaka 2007, ulikuwa unahimiza watu wapande miti ya makala kwenye ardhi yao wenyewe. Aliipanda pamoja na baba katika kiwanja cha babu, wawili wakichimba mashimo bila kuzungumza sana. Miti ilipokomaa baba aliikata, akachoma makala yake, na ikachipua tena.

Nilipotaka kuyasema hayo mbele ya waombolezaji, shangazi alinikonyeza ninyamaze. Baba ndiye aliyesimama akayasema mwenyewe, akataja hata bei ya gunia la siku zile. Watu waliokuwa wakisinzia waliamka. Nadhani ndiyo mara ya kwanza siku hiyo walimwona mdogo wake kama mtu, mwenye mke wa kulisha na kaka asiyetaka kumpoteza.

5. Matanga yasiyokaliwa hulipwa kwa miguu

Ijumaa tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, walinzi 12 waliuawa pamoja na dereva wao na raia wanne. Walinzi wale walikuwa njiani kurudi kituoni walipokuta gari la raia linashambuliwa, wakaingia kusaidia. Baba mdogo alikuwa amelala kwenye mabweni na baadhi yao, amekula nao, amewafundisha kazi wengine.

Mwezi ule serikali ilikuwa imepiga marufuku mikusanyiko na matanga kwa sababu ya Covid. Miili ilipaswa kwenda moja kwa moja kaburini. Kwetu, nyumba yenye msiba hailali peke yake. Watu huleta majani ya chai, sukari, makala, wanakeshea uani. Kukosa hayo ni jeraha lingine juu ya jeraha.

Alilolifanya ni kutembea. Sheria ilipolegezwa, akawa anazunguka nyumba za wenzake, moja moja. Alikuwa anakaa kidogo, anauliza habari za shule za watoto, anatengeneza mlango uliolegea, anaondoka. Aliendelea hivyo hata alipokuwa anapumua kwa shida. Baadhi ya wajane wa walinzi walikuwa wakifanya kazi katika karakana ya kushona pale Rumangabo, wakishona sare na sokwe wa kitambaa waliouzwa kwa wageni. Alipita huko pia, akiwa na nguo ya kupunguzwa kiuno kwa kuwa mwili ulikuwa unaisha.

Zamu yetu ilipofika, wanawake wale walikuja. Hawakusubiri kuelekezwa. Wakaingia jikoni, wakauliza unga uko wapi, na mama mdogo akapata kulala usiku wa kwanza tangu msiba uanze. Mimi nilikuwa najua kwamba baba mdogo ni mtu mwema. Pale jikoni niliona wema wake umefika mbali kiasi gani.

6. Karatasi ni upendo pia

Nitasema kwa kifupi kwa sababu si jambo la kupendeza. Wengi wetu huoana kwa mila, mali hutolewa, baraka hupatikana, na hakuna anayekwenda kuandikisha ndoa serikalini. Mume akifa, mjane huanza kuulizwa yeye ni nani. Kanuni ya Familia ya Kongo, ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaweka watoto katika kundi la kwanza la warithi. Mjane yuko kundi la pili, pamoja na wazazi na ndugu za marehemu. Asiye na cheti ataanza kubishana hata juu ya nafasi hiyo.

Baba mdogo aliandikisha ndoa yake mapema, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, akaviweka vyote katika mfuko mmoja wa plastiki. Kila walipokimbia, mfuko ule ulitangulia hata sufuria. Alipokufa, hakuna mtu wa ukoo wetu aliyethubutu kugusa nyumba. Hilo halikusemwa kwenye mahubiri. Mimi naliweka juu kabisa ya orodha ya mambo aliyomfanyia mkewe.

7. Kaburi na kwao vinaweza kuwa sehemu mbili

Mwishoni mwa Oktoba 2022 M23 waliteka Rutshuru na Kiwanja, na barabara ya kwenda kwetu ikafungwa. Baba mdogo alifia Goma, akiwa amekimbia. Wazee walitaka azikwe kando ya mama yake huko Rumangabo na hawakuona njia. Walizungumza usiku mzima juu ya kungoja, juu ya kumhifadhi, juu ya pesa za kumhifadhi.

Mama mdogo ndiye aliyekata shauri: azikwe hapa. Vijana walichimba kwa nyundo na mitaimbo, maana ardhi ya Goma ni mawe ya volkano, na kaburi moja linaweza kula siku nzima. Barabara ilipofunguka tena tulipanda Rumangabo na kufanya misa na majirani waliorudi mashambani. Wazee walipewa nafasi ya kusema yale waliyoyaweka moyoni. Nimeona kwamba familia inayolazimika kuzika ugenini haihitaji kujilaumu. Inahitaji siku ya pili, kwao, yenye chakula cha kutosha na watu waliomjua.

8. Waliobaki wanazeeka

Mbuga ilitimiza miaka 100 Aprili 2025. Waliofanya kazi na baba mdogo tangu Rwindi wamebaki wachache, wengine walikimbilia kambini, wengine wanaishi kwa watoto wao mjini. Hakuna kitabu chenye habari walizo nazo, na sisi wapwa na watoto wa ndugu ndio wenye miguu ya kuwafikia. Binamu zangu wamenikabidhi daftari. Wa kwanza ninayekwenda kumwona anaishi mtaa wa Ndosho, hapa Goma. Macho yake hayaoni tena vizuri, lakini anakumbuka jina la kila kituo cha doria walichopangwa, na nani alikuwa mkuu wa zamu, na mjukuu wake amekubali kuandika wakati mimi nauliza.